Vyai Viwili

Leo tuketi kidogo tuzungumze habari za yule mtu mdogo aliye nyumbani mwenu, ambaye hajafika umri wa kwenda shule, wala si mchanga tena wa kubebwa mgongoni kutwa. Ana miaka mitatu, au minne, au anakaribia mitano. Shati lake limebaki na kifungo kimoja. Ukifagia uwanja, yupo miguuni pako. Ukichambua mboga, yupo. Ukipata mgeni wa heshima, hapo ndipo yupo zaidi. Watu wengi husema, "Huyu bado hana akili, ngoja akue." Mimi nasema sivyo. Akili anayo tele, ila huitumia kwa namna yake, na mzazi asiyemtazama vizuri hupitwa na mambo mengi ya kuchekesha, na mengine yasiyo ya kuchekesha hata kidogo.

Tuanze na maneno yake. Mgeni amekaa barazani na mwenzake, mama yuko jikoni, na mtoto ametumwa kuuliza wageni wanatumia nini. Anarudi mbio, anasimama mlangoni, anatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Mama, wanataka vyai viwili!" Watu wote wanaangua kicheko. Kaka zake wataimba "vyai, vyai" mpaka jioni, na yeye atajificha nyuma ya mlango.

Sasa hebu fikiri, msomaji. Mtoto huyu amesikia kijiko na vijiko, kikombe na vikombe. Amesikia chakula na vyakula, chombo na vyombo, choo na vyoo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, wala hajashika kitabu cha sarufi. Amesikiliza tu, akatambua mwenyewe kwamba kitu kinachoanza kwa ki au cha, kikiwa zaidi ya kimoja, hugeuka kuwa vi au vya. Basi, chai ikiwa moja, mbili zitaitwaje kama si vyai? Amekosea neno, walakini kanuni ameipata sawasawa kabisa.

Tena wakubwa walikwisha kufanya vivyo hivyo. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, na huko kwao ile "ki" ni mwili wa neno lenyewe, wala haina habari za umoja na wingi. Wazee wetu walipolipokea walisikia "ki", wakasema, aa, kikiwa kimoja kitabu, vikiwa vingi vitabu. Nasi twasoma vitabu mpaka leo, hakuna Mwarabu anayetucheka. Na madereva walipoyaona maneno ya Kiingereza yaliyowaamuru kupita kushoto kwenye mzunguko wa barabara, wakapaita mahali pale kipilefti, na mizunguko ikiwa mingi wakasema vipilefti. Kumbe huyo mdogo wako wa vyai viwili yuko katika kundi la watu wazima wenye leseni!

Sisemi kwamba aachwe aseme vyai mpaka siku ya kuoa. La. Nasema mjibu kwa neno lililo sawa, bila kelele: "Haya, wageni wanataka chai, vikombe viwili. Asante, baba." Yatosha. Masikio yake yatafanya kazi iliyobaki. Lakini mtoto anayechekwa mbele za watu kila afunguapo kinywa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Akifika darasani mwalimu atauliza swali, naye atatazama vidole vya miguu yake.

Jambo lingine ni jana na kesho. "Mama, jana tutakwenda kwa bibi." Usimwite mwongo. Kwake yeye siku ni mbili tu, leo na isiyo leo, na hiyo isiyo leo anaipa jina lolote linalomjia ulimini. Nawe ukimwahidi andazi kesho, ujue umejitia taabuni, maana ataamka kabla ya jogoo na kukuuliza kama kesho imefika. Ukimwambia, "Sasa ni leo, kesho bado," atakutazama kama anavyotazamwa mwenye duka anayepunja. Nani amemwona kesho? Mpe kitu anachoweza kukihesabu: "Tukilala mara mbili, tukiamka, tutakwenda." Au, "Jumapili, tukitoka kanisani." Hapo atatulia. Labda.

Halafu yako maswali. Loo! Mtoto wa miaka minne huuliza tangu unapofungua macho mpaka unapoyafumba, na hata ukiyafumba huyafungua kwa vidole vyake auulize. Mwezi mbona unatufuata? Babu alipokuwa mdogo, mimi nilikuwa baba yake? Mungu anakula nini? Kuku mbona hakojoi?

Hilo la kuku nimelisikia mara nyingi, na nimemwona baba mmoja akilijibu kwa kusema, "Nenda kwa mama yako." Mama naye alikuwa na kuni kichwani, akasema, "Kamwulize baba yako." Mtoto akaenda na kurudi mara tatu, mwisho akaenda kuketi mbele ya banda la kuku amchunguze mwenyewe. Kwa kweli swali lake ni zuri. Kuku hana mkojo wa maji kama wetu. Takataka ambazo sisi huzitoa kwa mkojo yeye huzitoa zikiwa nzito kama uji, nyeupe, pamoja na mavi yake. Ndiyo ile chokaa uionayo juu ya mavi ya kuku kila asubuhi unapofagia banda. Sasa umejua, nawe unaweza kumwonyesha. Na huo mwezi haumfuati mtu. U mbali sana, kilometa zaidi ya laki tatu na nusu, na kitu kilicho mbali huonekana hakisogei tunapokwenda. Mkipanda basi mwonyeshe miti ya kando ya barabara inavyokimbilia nyuma, na mlima ulio mbali unavyokwenda pamoja nanyi. Ataelewa nusu, na ile nusu nyingine atakuuliza kesho, au kama asemavyo yeye, jana.

Kama hujui jibu, sema hujui. Mwambie, "Hilo sijui mwanangu, tutamwuliza mwalimu tukikutana naye." Heshima yako haitapungua.

Pengine unasema, mwandishi huyu hana shamba, hajui jua linavyochoma, ndiyo maana anataka tukae tukizungumza habari za kuku na mwezi. Nakuomba unisikilize kidogo. Mtoto huleta kwanza mambo madogo. Anakuletea mende aliyekufa, anakuletea kidonda kisichoonekana, anakuletea swali la mwezi. Anakupima. Akiona mambo madogo yanapokelewa, siku moja ataleta jambo kubwa. Na mambo makubwa yapo, hata vijijini mwetu, tusijidanganye. Yuko mtu, huenda ni jirani au ndugu, anayemwita mtoto pembeni, akampa pipi, akamshika mahali pasipofaa, akamwambia, "Usimwambie mama." Mtoto aliyezoea kuambiwa "nyamaza, unanisumbua" atanyamaza kweli. Aliyezoea kusikilizwa atakuja mbio na maneno yake yaliyopinda, asijue hata jambo hilo linaitwaje, nawe utaelewa. Akisema hivyo, mwamini, usimpige, wala usimwambie asirudie maneno hayo. Ndiyo maana nasema swali la kuku si mchezo.

Kuna na vitisho. Mtoto akikataa kula, twamwambia daktari atakuja kumchoma sindano. Akilia usiku, twasema zimwi liko nje. Akitoka uwanjani, polisi. Wako hata wanaomtishia kwa padre! Basi siku ya kliniki ikifika, mama amechukua kadi, mtoto amevishwa nguo safi, wamefika mlangoni, naye anaushika mlango kama mjusi aushikavyo ukuta. Muuguzi maskini, ambaye kosa lake ni kuvaa nguo nyeupe, anatemewa mate. Wamshangaa mtoto? Umemwambia mwenyewe kwamba mtu huyo ni adui. Na padre akija kutembelea familia, mwenye nyumba anamtafuta mwanawe amsalimu, kumbe yuko chini ya kitanda pamoja na kuku anayeatamia.

Sasa nije kwenye uji, maana hapa pana jambo nalipenda sana. Watoto wawili wamepimiwa upawa mmoja mmoja. Mkubwa ana kikombe chembamba kirefu, mdogo ana bakuli pana. Mdogo anatazama, anaona uji wa mwenzake umefika juu, wake uko chini, analia kwa uchungu. Mama anakasirika: "Mchoyo wewe! Nimewapimia sawasawa!" Mama amesema kweli, na mtoto naye hasemi uongo.

Palikuwa na bwana mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 akafa mwaka 1980, ambaye alitumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyofikiri, wakiwamo watatu wake mwenyewe. Jaribio lake moja unaweza kulifanya jikoni kwako leo bila gharama. Chukua vikombe viwili vilivyo sawa, utie maji mpaka usawa mmoja. Mwulize mtoto wa miaka minne, "Je, yako sawa?" Atasema yako sawa. Kisha mbele ya macho yake mimina maji ya kikombe kimoja katika chombo chembamba kirefu. Mwulize tena. Watoto wengi wa umri huo watakuambia kwamba sasa ya chombo kirefu ni mengi zaidi. Ameona mwenyewe hukuongeza hata tone, lakini jicho lake limeshika urefu tu, na upana haliuoni. Au panga maharagwe sita kwa mstari, na chini yake mengine sita, yakabiliane. Yako sawa. Halafu utanue mstari mmoja, uwe mrefu. Atasema huo ndio wenye maharagwe mengi. Ukirudia jaribio akiwa na miaka saba hivi, yawezekana sana akuone wewe ndiye mjinga kwa kuuliza.

Kwa hiyo usimwite mchoyo. Mpe kikombe kile kirefu chembamba, na kubwa lake mpe bakuli. Amani itarudi, na uji ni ule ule. Kipande cha muhogo kikiwa kidogo, kikate mara mbili, wengine watafurahi kwamba wamepata viwili. (Nawajua wazee ambao nao wakipewa togwa katika bilauri ndefu hushukuru zaidi, lakini tuyaache hayo.)

Tazama pia jinsi apendavyo kazi. Sisi wakubwa twaikimbia, yeye anaililia. Mama akishika ufagio, naye anautaka. Akitwanga, anataka mchi. Akienda kisimani, anataka ndoo iliyo kubwa kumpita yeye. Kwa kawaida twamfukuza, "Toka hapa, utaniharibia." Mwaka 1907, tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto wadogo huko Roma, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Wazazi wao walikwenda kazini kutwa, na watoto walikuwa wakibaki wakirandaranda na kuharibu kuta za majengo. Watoto hao walipewa vitu vya kuchezea, lakini yule mama alipowaangalia kwa makini aliona wanaviacha, wanapendelea kazi za kweli, kama kunawa vizuri, kupanga vitu mahali pake na kuandaa meza. Wakatengenezewa meza na viti vya kimo chao, wakatulia kazini kama watu wazima. Montessori alikufa mwaka 1952, na shule za namna yake zimeenea katika nchi nyingi.

Wewe huhitaji kwenda Roma. Fupisha ufagio mmoja uliochakaa. Mpe kidumu cha lita moja, akipeleke kisimani akishikwa mkono. Mpe maharagwe achambue. Atayapanga kwa rangi, atatia moja puani, utalitoa, ataendelea. Kazi itachukua muda mara mbili, hilo sikufichi. Lakini mwambie jioni mbele ya baba yake, "Leo maji haya ya kunawa amechota huyu," umtazame anavyotembea.

Hapa niseme neno moja la ukali. Mtoto wa umri huu anaiga kila kitu, na haonji kwa akili, huonja kwa ulimi. Nyumba nyingi bado huweka mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto amekuona ukinywa soda, ameona chupa, anakunywa. Ondoa chupa hiyo leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Tia mafuta katika chombo kisichofanana na cha kunywea, ukiweke juu asikofika, kikiwa kimefungwa. Na ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa. Mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Mkimbize kituo cha afya upesi. Vivyo hivyo sumu ya mashambani.

Turudi kwenye furaha. Ukitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani, usiwaulize majirani, watakupendeza. Pita nyuma ya nyumba polepole siku ya Jumatatu. Utakuta Misa chini ya mwembe. Padre amejifunga khanga ya mama yake shingoni, waumini ni wadogo wawili na mbuzi aliyefungwa. Mahubiri ni mafupi, matangazo ndiyo marefu. Sadaka inakusanywa kwa majani ya mwembe, na padre anahesabu, anatikisa kichwa, anasema haitoshi kuezeka kanisa. Cheka, lakini cheka kwa siri, maana wakikuona wamekwisha.

Kisha wanabadili mchezo, sasa ni wa baba na mama. Gunzi la mahindi limefungwa kitambaa, ndilo mtoto mchanga. "Mama" anapika udongo katika kifuu. "Baba" anaingia kutoka kazini, anakohoa kwanza, kama wewe ukohoavyo. Anatupa kijiti chake, ndilo jembe. Anasema, "Chakula kiko wapi? Kila siku nyumba hii ni maneno tu!" Na "mama" anainamisha kichwa, hajibu. Baba mmoja aliyasikia hayo akiwa nyuma ya ukuta, akaniambia alirudi shambani bila kunywa maji aliyoyafuata. Sikumwuliza zaidi.

Basi ninyi akina baba, neno hili la mwisho ni lenu. Wengi wenu husema mtoto mdogo ni wa mama yake, akifika umri wa kuchunga ndipo atakuwa wenu. Lakini akifika umri huo atakuwa amekwisha kuzoea kuishi bila ninyi. Miaka hii ya maswali haizidi mitatu, hupita kama masika. Hakuhitajieni kutwa nzima. Anahitaji ile nusu saa baada ya kula, moto ukiwa unafifia, mkeka umetandikwa. Mpokee magotini, mhadithie habari za sungura na fisi ulizohadithiwa na babu yako. Atazitaka zile zile kesho, na kesho kutwa, na mwezi mzima, hata wewe uchoke, uanze kuzifupisha ili ukalale. Hapo ndipo utajua kama ana akili au hana. Ukiruka mahali fisi alipoanguka katika shimo, utasikia sauti gizani, ya mtu uliyedhani amekwisha kusinzia: "Baba, umesahau shimo." Rudi, mtie fisi shimoni, uendelee.